Keki Katika Makumbusho ya Maradhi: Mezani Palipoondolewa Aibu

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa vikundi vya waokaji keki, vijana na wahudumu wa afya ya jamii. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakaazi wote wa kaunti.



Nchini Kenya keki haiji mezani bila sababu. Hukatwa harusini, kwenye ubatizo, siku ya mtoto kufuzu na siku ya mzee kustaafu. Kwenye harambee, kipande kimoja cha keki huweza kupigiwa mnada hadi kikafika bei ya mbuzi. Anayekinunua hupigiwa makofi, ingawa kila aliyeketi pale anajua kwamba hakununua unga na sukari. Amenunua bati la darasa, au amechangia bili ya hospitali ya jirani. Kwa hivyo mkaazi wa Kenya hahitaji kufundishwa kwamba keki inaweza kuwakusanya watu na kuwafanya watoe kitu walichokuwa wamekikunja mfukoni.

Mwishoni mwa Oktoba 2012, katika jiji la London, Uingereza, keki zilitumiwa kuwafanya watu watoe kitu kilicho kigumu kutoka kuliko pesa. Kitu hicho ni aibu. Mezani zilipangwa keki zilizofinyangwa na kupakwa rangi zikafanana na viungo vya mwili vilivyougua. Zilitengenezwa na waokaji wasanii, zikauzwa kwa umma, na zikaliwa. Mahali pa mauzo hapakuwa mkahawa wala ukumbi wa hoteli. Palikuwa ndani ya Makumbusho ya Patholojia ya Hospitali ya St Bartholomew, katikati ya maelfu ya mitungi yenye vipande halisi vya miili ya binadamu.

Anayesikia habari hii kwa mara ya kwanza hukunja uso. Ni haki yake. Lakini ndani ya habari hiyo lipo funzo linalogusa kila kijiji na kila mtaa wa kaunti, kwa sababu wahenga walishasema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nyumba ya mitungi elfu tano

Hospitali ya St Bartholomew, ambayo watu wa London huiita Barts kwa kifupi, ilianzishwa mwaka 1123, na hadi leo inatibu wagonjwa mahali pale pale. William Harvey, aliyeeleza katika kitabu chake cha mwaka 1628 jinsi damu inavyozunguka mwilini ikisukumwa na moyo, alikuwa daktari wa hospitali hiyo.

Jengo la makumbusho yake lilifunguliwa mwaka 1879 na mwana wa malkia ambaye baadaye alitawala kwa jina la Mfalme Edward wa Saba. Ni ukumbi mmoja mrefu wenye paa la vioo linaloingiza mwanga wa mchana. Kuta zake zimezungukwa na roshani, moja juu ya nyingine, na rafu zimejaa mitungi ya vioo ipatayo 5,000. Ndani ya kila mtungi, katika dawa ya kuhifadhi, kuna kiungo au kipande cha mwili kinachoonyesha alama ya ugonjwa au jeraha fulani: ini lililokakamaa, mfupa ulioliwa na kifua kikuu, utumbo wenye uvimbe.

Patholojia ni elimu ya kuchunguza jinsi ugonjwa unavyoubadilisha mwili. Mitungi hiyo ilikusanywa ili kuwafunza madaktari. Picha za eksirei ziligunduliwa mwaka 1895, na mashine za kuonyesha viungo vya ndani kwenye kioo cha kompyuta zilikuja miaka mingi baadaye. Kabla ya hapo, mwanafunzi aliyetaka kuona saratani inavyofanana alilazimika kuitazama kwenye mwili wa marehemu au kwenye mtungi kama huo.

Miongoni mwa vitu vilivyomo ni fuvu la kichwa la John Bellingham. Huyu ndiye aliyempiga risasi na kumuua Waziri Mkuu wa Uingereza, Spencer Perceval, mwezi Mei 1812. Alinyongwa wiki moja baadaye, na mwili wake ukapelekwa kupasuliwa kwa ajili ya masomo ya udaktari. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi ya siku hizo kwa mtu aliyehukumiwa kifo kwa mauaji.

Kwa miaka mingi ukumbi huo haukuwa wa mwananchi wa kawaida. Ulikuwa wa wanafunzi wa udaktari na walimu wao. Mbinu za kufundisha zilipobadilika, mitungi ikapungukiwa na kazi. Carla Valentine, mwanamke aliyefanya kazi katika vyumba vya kuhifadhia maiti kabla ya kukabidhiwa mkusanyiko huo, alipewa jukumu la kuikarabati mitungi na kuihudumia. Makumbusho yakaanza kuandaa mihadhara na hafla za watu wa kawaida. Mauzo ya keki ya mwaka 2012 yalikuwa mojawapo ya hafla hizo.

Keki za namna gani?

Aliyebuni mauzo hayo ni Emma Thomas, anayefahamika zaidi kwa jina lake la kazi, Miss Cakehead. Yeye aliwakusanya waokaji wasanii na kuwapa mada moja: ugonjwa. Mauzo yakaitwa Eat Your Heart Out, msemo wa Kiingereza ambao ndani yake mna kula na mna moyo.

Miongoni mwa keki zilizozungumziwa sana ni zile ndogo, za kuokwa ndani ya karatasi za vikombe, ambazo juu yake zilipambwa kwa dalili za magonjwa ya zinaa. Nyingine zilionyesha vinyama vinavyoota ndani ya utumbo, ambavyo baadhi yake vikiachwa huweza kugeuka saratani. Kilichotumika ni vitu vile vile anavyovijua muokaji yeyote: unga, mayai, siagi, sukari ya kupambia na rangi za chakula.

Kazi ya namna hii haifanywi kwa kubahatisha. Muokaji wa keki ya harusi akikosea ua moja, hakuna anayeumia. Lakini muokaji anayetengeneza kidonda ili mtu akitambue akikiona mwilini mwake, akikosea rangi au umbo, amefundisha uongo. Ilibidi basi msanii atazame kama daktari anavyotazama, na hapo ndipo mahali palipokuwa na maana. Aliyenunua keki aliweza kuinua macho kutoka kwenye sahani na kuona rafuni kwamba jambo lile si mzaha. Liliwahi kumpata mtu.

Ugonjwa ulioitwa kwa jina lisilo lake

Kwa nini mtu ajisumbue kuoka keki kuhusu magonjwa ya sehemu za siri? Jibu lipo katika historia ya hospitali hiyo hiyo.

Mwaka 1775, daktari mpasuaji wa Barts aitwaye Percivall Pott aliandika kuhusu wasafishaji wa mabomba ya moshi. Nyumba za Uingereza zilipashwa joto kwa moto wa makaa, na mabomba ya kutolea moshi yalikuwa membamba mno kwa mtu mzima kupita. Waliotumwa kupanda ndani yake ni watoto wa maskini, wengine wadogo sana. Masizi yaliwaingia kwenye mikunjo ya ngozi na kukaa humo miaka na miaka. Walipobalehe na kuendelea, baadhi yao waliota kidonda kwenye ngozi ya korodani. Kilikuwa saratani. Pott ndiye wa kwanza kueleza kwa maandishi kwamba saratani hiyo ilitokana na kazi waliyoifanya, na maelezo yake yanahesabiwa kuwa mwanzo wa elimu ya saratani zinazoletwa na kazi.

Pott aliandika jambo jingine ambalo halipaswi kusahaulika. Alisema kwamba kidonda kile, kwa sababu ya mahali kilipokuwa, kilidhaniwa kuwa ugonjwa wa zinaa. Aliyedhani hivyo hakuwa mgonjwa peke yake. Hata madaktari walidhani hivyo. Kijana akatibiwa kwa zebaki, dawa iliyotumika kwa kaswende enzi hizo, na kidonda kikazidi kuwa kibaya.

Kijana huyo hakuwa na kosa lolote. Alitumwa kazi akiwa mtoto. Lakini kwa kuwa kidonda kilikuwa mahali pasipotajwa mbele za watu, kiliitwa kwa jina lisilo lake na kutibiwa kwa dawa isiyo yake. Mwaka 1788 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukataza watoto wa chini ya miaka minane kutumwa kazi hiyo, ingawa haikufuatwa ipasavyo.

Zaidi ya miaka 200 imepita, na dawa zimebadilika. Aibu haijabadilika sana. Bado yuko mwanamume anayepata shida ya kukojoa kwa mwaka mzima na hamwambii mtu, hadi tezi dume inapokuwa imefika pabaya. Bado yuko mama anayeona damu isiyo ya mwezi na kunyamaza, kwa hofu kwamba mumewe atafikiri vingine. Yupo msichana anayepapasa uvimbe kwenye titi na kujiambia utaisha. Yupo mwanamke aliyejifungua kwa shida akapata nasuri, mkojo ukawa unamtoka bila kujizuia, na sasa hakai tena na wenzake kanisani, msikitini wala sokoni, ilhali nasuri hutibika kwa upasuaji. Hawa wote hawakukosa hospitali pekee. Walikosa neno la kuanzia.

Keki ile ya London ilikuwa neno la kuanzia. Ni vigumu kumwendea mtu usiyemjua na kumuuliza kuhusu kidonda cha sehemu za siri. Ni rahisi kidogo kuuliza, "Hii keki ni ya nini?" Swali likishatoka, jibu lina mahali pa kuingilia.

Je, hiyo si dharau?

Wapo watakaosema kwamba kula keki mbele ya mabaki ya watu ni kukosa adabu kwa wafu. Hoja hiyo ni nzito na haifai kupuuzwa. Katika jamii nyingi za Kenya, palipo na maiti pana ukimya, na chakula kina mahali pake baada ya maziko. Tena wengi wa watu ambao viungo vyao vimo katika mitungi ya zamani hawakuombwa ridhaa kama inavyotakiwa leo. Walikuwa maskini waliofia hospitalini, au wahalifu kama Bellingham.

Waingereza wenyewe wamelazimika kulijibu swali hili kwa sheria. Mwaka 2004 walipitisha sheria ya tishu za binadamu baada ya kugunduliwa kwamba baadhi ya hospitali zilikuwa zimehifadhi viungo vya watoto waliofariki bila wazazi wao kujua. Tangu sheria hiyo ianze kutumika, kuonyesha hadharani mabaki ya watu waliofariki katika miaka ya karibuni kunahitaji leseni na ridhaa. Makumbusho hayawezi tena kufungua mlango tu na kumwita kila mtu.

Hoja ya pili ni ya walio hai. Mtu anayeugua ugonjwa ule ule akikuta umewekwa juu ya keki na watu wanaucheka, ataumia. Hapa ndipo kipimo cha kazi nzima kilipo. Kama keki inamfanya mgonjwa ajione kichekesho, imeshindwa, hata ikiuzwa yote. Kama inamfanya aseme, "Kumbe hili linajulikana, na lina jina, na lina dawa," imefaulu.

Hoja ya tatu ni ya sukari. Si sawa kupigania afya ya watu kwa mkono mmoja na kuwalisha sukari nyingi kwa mkono wa pili, hasa wakati huu ambapo kisukari na shinikizo la damu vimeingia hadi vijijini. Muokaji mwenye busara atapunguza sukari, atakata vipande vidogo, na ataweka matunda na maji ya kunywa mezani. Kivutio cha keki hizi ni sura yake na habari iliyo nyuma yake. Mtu hahitaji kula kipande kikubwa ili kuelewa.

Keki za kijivu

Mwaka uliofuata, Agosti 2013, Emma Thomas aliendeleza wazo hilo kwa ugonjwa usioweza kuwekwa kwenye mtungi wowote. Alianzisha duka la muda la keki lililoitwa The Depressed Cake Shop, likihusu sonona, yaani ile huzuni nzito inayomkaa mtu na kumnyima usingizi, hamu ya chakula na hata hamu ya kuishi.

Sharti lilikuwa moja: keki zote ziwe za kijivu. Mtu aliyezoea kuona keki nyekundu, nyeupe na za dhahabu aliingia akakuta meza nzima haina rangi, akaelewa kabla ya kuambiwa. Nyingine zilipokatwa zilionekana kuwa na rangi angavu ndani, ishara ya tumaini lililofunikwa. Waokaji kadhaa walioshiriki walikuwa wenyewe wamewahi kuugua magonjwa ya akili, na pesa zilizopatikana zilielekezwa kwa mashirika yanayosaidia wagonjwa wa akili. Wazo hilo likaigwa katika miji mingine na nchi nyingine.

Jambo hili linaigusa Kenya moja kwa moja. Kwa miaka mingi, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mgonjwa aliyenusurika alitoka wodini akaingia kizimbani. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Uamuzi wa mahakama umeondoa pingu, lakini hauwezi kuondoa minong'ono ya majirani. Hiyo ni kazi ya majirani wenyewe. Mkaazi anayeelemewa na mawazo, au anayemwona mwenzake katika hali hiyo, anaweza kwenda kituo cha afya kilicho karibu au kupiga nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.

Mambo matatu, mikono ya kaunti

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya London. Lakini ukitazama vizuri, kilichofanyika pale kiliunganisha vitu vitatu: afya, chakula na makumbusho. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 limevitaja vyote vitatu miongoni mwa majukumu ya kaunti. Huduma za afya za kaunti zimo. Kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula kumo. Shughuli za kitamaduni na burudani, makumbusho yakiwemo, zimo pia.

Kenya nayo haina upungufu wa makumbusho yaliyo katika majengo yasiyotarajiwa. Fort Jesus, Mombasa, ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, ikatumika kama gereza wakati wa ukoloni wa Waingereza, kisha ikafunguliwa kwa umma mwaka 1960. Kule Pokot Magharibi, Makumbusho ya Kapenguria yamo katika seli walimozuiliwa Jomo Kenyatta na wenzake watano, ambao kesi yao ilianza mwaka 1952. Mahali palipokuwa pa kufungia watu pamekuwa mahali pa kufungulia fikra. Si lazima hafla ifanyike hata hivyo katika jengo la kihistoria. Maktaba ya umma, ukumbi wa wadi au uwanja wa shule unatosha, mradi mwenye mahali ameridhia.

Wala ufundi haukosekani. Katika kila wadi kuna mama au kijana anayejua kuoka, mwingine kwa ovena ya umeme, mwingine kwa sufuria iliyotandikwa mchanga juu ya jiko la makaa. Wapo wanaoweza kuchonga keki ikawa mpira, gari au Biblia iliyofunguliwa. Mkono unaoweza kuchonga gari unaweza kuchonga titi lenye uvimbe na kuonyesha mahali pa kupapasa.

Kikundi kinachofikiria hafla ya namna hii kinahitaji kuzingatia mambo yafuatayo:

Kwanza, ruhusa na usafi. Kila anayeshika chakula cha kuuzwa anatakiwa kuwa amepimwa na kupewa cheti cha afya, na upimaji huo hurudiwa kila baada ya miezi sita. Afisi ya afya ya umma katika kaunti ndogo ndiyo ya kuendewa mapema, kabla ya unga kununuliwa.

Pili, ukweli. Michoro na mifano ya keki ionyeshwe kwa muuguzi au afisa wa kliniki kabla ya siku yenyewe. Keki isiyo sahihi ni afadhali iwe na maua.

Tatu, maelezo. Kando ya kila keki kuwe na karatasi yenye maneno machache ya Kiswahili na ya lugha ya mahali: ugonjwa gani, dalili zake ni zipi, huduma inapatikana wapi. Karatasi hiyo hiyo itaje viungo vya keki, kwa sababu wapo wanaodhurika na karanga, mayai, maziwa au ngano.

Nne, faragha. Hakuna picha ya mgonjwa, hakuna jina la mgonjwa, na hakuna mtu kusukumwa asimulie maradhi yake mbele ya watu. Anayetaka kusimulia kwa hiari yake asikilizwe.

Tano, hesabu. Kama mauzo ni ya kuchangia jambo fulani, jambo hilo litajwe tangu mwanzo na hesabu isomwe hadharani mwishoni, kama inavyofanywa kwenye harambee njema.

Sita, na hili ndilo kubwa, huduma iwe karibu. Keki haipimi mtu. Mhudumu wa afya ya jamii awepo, na ikiwezekana chumba au hema la upimaji liwe hatua chache kutoka mezani. Hamasa isiyo na mahali pa kwenda humwacha mtu na hofu kuliko alivyokuja.

Siki ya jikoni

Mfano mmoja unaonyesha jinsi jikoni na kliniki vilivyo karibu. Saratani ya shingo ya kizazi ni mojawapo ya saratani zinazoua wanawake wengi nchini Kenya, na wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa. Ilhali ugonjwa huu huanza polepole, kwa mabadiliko madogo yanayoweza kuonekana na kutibiwa miaka kadhaa kabla hayajawa saratani.

Mojawapo ya njia za kuyaona ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Mhudumu hupaka mlango wa kizazi maji ya siki yaliyopunguzwa makali, ya jamii moja na siki ya jikoni. Husubiri kidogo, kisha hutazama. Sehemu iliyobadilika hugeuka nyeupe. Kazi yote ni ya dakika chache, na mara nyingi panapopatikana tatizo dogo, matibabu yake yanaweza kufanywa bila mama kulazwa. Zipo pia njia nyingine, kama kipimo cha virusi vya HPV vinavyosababisha ugonjwa huo. Miongozo ya Kenya inawalenga hasa wanawake wa kati ya miaka 25 na 49. Kwa wasichana, chanjo dhidi ya virusi hivyo iliingizwa katika mpango wa chanjo wa taifa mwezi Oktoba 2019, kuanzia umri wa miaka 10.

Siki ipo, mhudumu yupo. Kinachowazuia wengi kufika ni kuona haya kulala juu ya kile kitanda, na hofu ya kusikia jibu. Mama mmoja akitoka akawaambia wenzake wa chama kwamba hakuumia na ilichukua muda mfupi, amefanya kazi ambayo mabango kumi hayaifanyi. Ikiwa keki iliyotengenezwa kwa ustadi itampa mama huyo sababu ya kulitaja jambo lile mbele ya wenzake, basi imelipa unga wake.

Waokaji wa London hawakumponya mtu kwa sukari. Walichofanya ni kuliweka mezani jambo lililofichwa, mahali ambapo ushahidi wake ulikuwa umekaa kimya rafuni kwa zaidi ya miaka mia moja. Wengi wa watu waliomo katika mitungi ile walichelewa, au waliishi kabla tiba haijapatikana. Mkaazi wa leo ana tiba, na kwa magonjwa mengi bado hajachelewa.

Kwa hivyo kila aliyehudhuria, na kila anayesoma maneno haya nyumbani, ana jambo moja la kufanya wiki hii. Aliyekuwa akiahirisha kupimwa aende. Aliye na mzazi, mume, mke au rafiki anayeficha maumivu, amuulize kwa upole, na akikubali amsindikize. Vikundi vyenye nia ya kuandaa mauzo ya keki za elimu vifike katika afisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo yao vikiwa na orodha ya wanachama na mada waliyoichagua.

Mficha uchi hazai, na mficha maradhi hajitibu.